Upande wa Kulia wa Picha

Mbotela, Nairobi
9 Machi 2025

Kweyu, mwana wa kaka yangu,

Natumaini u mzima huko Japani, na hiyo theluji unayotupigia picha kila Jumapili haijakugandisha vidole. Sisi tupo. Goti langu la kushoto ni lile lile. Mama yako Triza amebaki kijijini Khwisero tangu tumzike baba yako, hataki hata kusikia jina la Nairobi. Dada yako Vivian amefungua saluni kule Mowlem. Wateja bado, lakini kucha zake mwenyewe zinang'aa ajabu.

Naandika kwa karatasi kwa sababu nilitoka kwenye lile grupu la familia. Mtu anakutukana, ukitafuta miwani usome vizuri unakuta "ujumbe huu umefutwa". Upuzi! Karatasi haifutwi. Ukitaka kunijibu, nunua stempu.

Sasa tuje kwa hicho kioo chako. Krismasi ulinitumia lenzi kwa mkono wa rafiki yako, na maneno matamu: "Senje, nimekuchagulia mwenyewe." Nikajitapa mtaa mzima. Nikasema dada ya Makokha baba yako sasa anapiga picha kwa lenzi iliyotoka mkononi mwa mwana wa kaka yake, mkaguzi wa kiwanda cha lenzi. Aibu gani hii! Nilipiga nayo harusi ya binti ya Maingi. Bwana harusi, upande wa kushoto, unaweza kuhesabu masharubu. Bibi harusi, upande wa kulia, yuko kwenye mvuke kama mtu aliyefunua sufuria ya githeri. Maingi akaniuliza, "Khavere, huyu ni msichana wangu ama ni jini?" Watu wakacheka. Mimi, ambaye nimepiga picha Mbotela tangu wewe ukivaa kaptula isiyo na kitako!

Kinachonichoma zaidi ni Irungu, yule wa studio ya ng'ambo ya barabara. Amenunua lenzi hiyo hiyo mjini. Jina hilo hilo, boksi hilo hilo. Picha zake ni safi kona hadi kona. Anapita mlangoni kwangu anapiga mluzi. Nieleze, msomi. Pacha wawili wa tumbo moja, mmoja anaona na mwingine ana chongo, mkunga wao ni nani?

Picha za mazishi ya baba yako bado nazisafisha. Usiniharakishe. Wewe ambaye hukuja kuzika huna haki ya haraka.

Ni mimi senje wako, dada ya baba yako,
Khavere

*

Japani
2 Aprili 2025

Mulembe, Senje,

Barua yako nimeipata, na stempu nimenunua. Huku baridi inapungua, miti imeanza kuchanua. Naishi vizuri, nakula vizuri, ugali tu ndio sina. Pole kwa goti. Mwambie Vivian nampongeza.

Kuhusu kutokuja kuzika, ulijua hali yangu ya kibali cha kuishi huku, na bado umeamua kuniandikia hivyo. Wakiuru alikuja kwa niaba yangu na mtoto mgongoni. Mke akija, mume amekuja. Ndivyo ulivyonifundisha wewe mwenyewe.

Sasa lenzi. Kwa heshima zote, Senje, chunguza kwanza mpiga picha. Kamera haikuanguka? Nakumbuka ile ya zamani ilivyotumbukia kwenye mchuzi wa kuku siku ya ubatizo wa Vivian. Fanya hivi: simama mbele ya ule ukuta wa matofali nyuma ya nyumba yako, mchana, kamera juu ya tripodi, iwe sambamba na ukuta. Fungua tundu la lenzi lote, lile la kuingizia mwanga, piga. Kisha ikuze kila pembe utazame mistari ya saruji. Pembe zote zikiwa sawa, tatizo ni mkono wako.

Umeuliza mkunga. Ni mimi. Niko meza ya mwisho ya ukaguzi. Lenzi mbili za jina moja, zilizotoka siku moja, hazifanani kabisa. Ndani mna vioo kadhaa, kimoja nyuma ya kingine, na kimoja kikiinama kwa kiasi kidogo kuliko unene wa unywele, upande mmoja wa picha unalegea. Tofauti hiyo haiondoki, tunaiwekea mipaka tu. Lenzi za watu wanaolipa vizuri zina mipaka myembamba. Za bei nafuu tunazivumilia zaidi. Ile inayovuka mpaka kabisa tunaitia nukta nyekundu chini ya raba ya kushikia, mahali ambapo macho ya kawaida hayafiki, isije ikachanganyika na nzima. Kwa hiyo usiniambie habari za chongo. Naijua kazi yangu.

Kama bado huridhiki, irudishe nikubadilishie.

Ombi langu ni moja. Nitumie picha za mazishi, hasa zile za familia kando ya jeneza. Sikumwona baba mara ya mwisho, na nataka kumwona Wakiuru na mwanangu, Makokha mdogo, wakiwa pale. Mama anasema moja itawekwa kwenye bango, baada ya makumbusho ya baba mwezi wa nane. Hiyo ndiyo itakayokaa sebuleni kwa mama miaka yote. Nataka watu wajue nina mke katika boma lile.

Mwanao,
Kweyu

*

Mbotela
11 Mei 2025

Kweyu,

Barua yako ilikaa posta mpaka ikaota ndevu. Mvua imetushika vibaya, choo cha jirani kimefurika, na kasisi wetu amehamishwa. Mengine ni mazuri.

Nimeupiga picha ukuta wako. Nimesimama na tripodi mbele ya matofali kama mwendawazimu, vijana wa mtaa wananiuliza, "Niaje mathe, ukuta umeomba pasipoti?" Nikawaambia ukuta una sura nzuri kuliko zao. Haya, matokeo: pembe za kushoto, hata buibui anaonekana ana miguu mingapi. Pembe za kulia, matofali yameyeyuka kama jagari. Nimerudia mara kadhaa. Nikaazima kamera ya Irungu, Mungu wangu, nilivyojishusha, nikafunga lenzi yako humo. Ikalegea kule kule. Kwa hiyo mkono wangu ni mzima, asante.

Na hiyo habari ya mipaka imenichekesha. Tajiri anapimiwa kwa rula ya chuma, maskini kwa rula ya mpira, kisha mnaandika jina moja juu ya boksi. Mnajiita wakaguzi! Mama mboga hapa Mbotela akikuuzia nyanya mbovu chini ya nzuri anatukanwa mpaka jioni. Nyinyi mnavaa glavu nyeupe.

Jambo moja hukuniambia. Hizo zenye nukta nyekundu huenda wapi?

Kuirudisha, hapana. Nimeshaizoea. Lenzi ukishajua udhaifu wake ni kama shamba lenye mawe, unajua pa kupanda na pa kuacha.

Picha za mazishi nimezitia kwenye flashi, ziko humu kwenye bahasha. Baba yako alipendeza, suti ile ya kahawia. Mkeo alikuja amechelewa, kilemba kikubwa kuliko cha mjane, akalia kwa Kikuyu. Huyo mtoto naye hakunyamaza ibada nzima.

Senje

*

Japani
8 Juni 2025

Senje,

Natumai u mzima. Sina habari nyingine za kukupa leo.

Nimetazama picha zote. Baba nimemwona. Nimelia, na hilo sikufichi.

Kisha nikatazama tena kwa macho ya kazi. Wajomba kando ya jeneza, wote safi. Wakaza wana wengine wamehama huku na huku, mara katikati, mara kushoto. Wanakwaya wamebadilishana. Mtu mmoja tu hajahama. Katika kila picha aliyomo, Wakiuru yuko mwisho kabisa upande wa kulia, na mtoto mikononi, na wote wawili hawana nyuso. Kuna mahali namjua kwa kilemba tu.

Kwenye meza yangu nikipata lenzi moja imelegea kulia, nyingine kushoto, nyingine juu, nasema ni mambo ya kawaida. Zikija zote zimelegea kulia, sisemi bahati. Namtafuta aliyeiweka mashine hivyo.

Na usiniambie ulikuwa hujui. Harusi ya Maingi ilikuwa Januari, mazishi Februari. Tena ilikuwa saa saba mchana, jua la kuchoma. Ungelibana tundu la lenzi kidogo, ukungu ungepungua na watu wote wangeonekana. Hata mwanafunzi wa picha anajua hilo. Wewe uliliacha wazi.

Amekukosea nini? Kila Desemba anakuja na kitenge chako. Alikufulia nguo ulipovunjika goti. Hajawahi kuniambia neno baya juu yako, na mimi nilidhani ni kwa sababu hakuna.

Agosti kwenye makumbusho, mke wangu na mwanangu watasimama katikati, karibu na mama. La sivyo nitampa Irungu kazi hiyo, na bango atachapa yeye.

Kweyu

*

Mbotela
29 Juni 2025

Kweyu Makokha,

Salamu utazipata kwa mama yako.

Ebo! Irungu! Irungu aje kwenye boma la baba yangu, anielekeze pa kusimama? Mlete. Nitamkaribisha kwa mwiko.

Umeniuliza mkeo amenikosea nini, nami nitakujibu, maana naona huko Japani umesahau ulikotoka. Kwetu jina humtafuta mtoto mwenye jina akishalala. Hatumpi mtoto jina la mtu anayetembea. Kwao mkeo, huko Murang'a, humwita mtoto jina la babu aliye hai, na babu anafurahi, anaagiza soda. Sawa, ni ya kwao, siwacheki. Lakini yeye aliyaleta kwetu. Aliingia katika boma letu akamwita mtoto Makokha, na Makokha mwenyewe yuko pale mlangoni anamenya muwa! Nilimwambia kaka yangu, kataa. Akacheka tu. Mtoto hajafikisha mwaka na nusu, kaka yangu akaanguka bafuni. Jina lilikuwa moja na watu wawili, likamwacha mkubwa. Sasa nimweke katikati? Ashukuru nilimweka kwenye picha.

Hilo la kwanza. La pili ni lako.

Juzi nilikumbuka ulivyojigamba na nukta zenu. Nikachukua kisu cha mboga, nikaibandua raba ya hii lenzi polepole. Nikamwita na jirani yangu Kavata awe shahidi. Nukta nyekundu ikanitazama. Imekauka vizuri, imepigwa kwa mkono wa mtu anayejua kazi yake.

Kwa hiyo najua zinakoenda. Zinaenda Mbotela.

"Nimekuchagulia mwenyewe." Kweli ulichagua! Ulisema moyoni, senje ni mtu wa picha za pasipoti na ubatizo, atajua nini? Mpe makapi umfungie na utepe. Mimi niliyekulipia karo ya fizikia! Afadhali ungeniletea sabuni. Basi tazama ilivyokuwa. Ukungu ni wako, uliukagua, ukaufunga kwenye boksi, ukautuma. Mimi nimeuweka tu juu ya nyumba yako mwenyewe. Ukilia, lia vizuri.

Khavere

*

Japani
27 Julai 2025

Senje,

Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika tena.

Ndiyo. Ilikuwa na nukta. Niliitia mimi. Wafanyakazi huuziwa kwa bei ya bure zile zilizokataliwa, na nilidhani hutatambua. Sina la kujitetea.

Lakini la jina nitalisema, ijapokuwa niliapa nisiseme.

Wakiuru hakumpa mtoto jina lile. Ni baba. Alinipigia simu mtoto kabla hajazaliwa, akasema, "Mkinizika ndipo mliite jina langu, mimi nitafaidika nini? Nataka kulisikia likiitwa nje nikiwa ndani." Aliyekataa ni Wakiuru. Alimwambia, "Baba, kwenu si hivyo, watu watasema, na watanisema mimi." Baba akamwomba yeye mwenyewe, akamwambia daktari ameshampa habari za moyo wake na hana muda mrefu. Wakiuru akakubali. Kisha baba akatuapisha wote wawili tusikwambie wewe. Alisema, "Dada yangu akijua naumwa atanizika kabla ya siku yangu kwa kelele."

Wakiuru ametunza kiapo hicho tangu wakati huo, na maneno yako yote ameyabeba. Hata leo hajui nimekuandikia.

Irungu sijamwambia kitu. Wakiuru atakuja Khwisero na Makokha. Mweke utakapomweka.

Kweyu

*

Mbotela
31 Agosti 2025

Kweyu,

Goti limekubali dawa ya Kavata, sijui ni dawa au ni kuchoka kulalamika. Vivian amepata wateja wanne. Mama yako amenenepa kidogo na amekubali kuja Nairobi kwa Krismasi. Wewe theluji yako itaanza lini?

Barua yako ilifika siku mbili kabla ya safari. Niliisoma, nikaikunja, nikaisoma kwenye basi, nikaikunja. Kaka yangu mjinga. Mjinga kabisa! Mimi nina kelele? Mimi? Ningekaa naye. Ningempikia mrenda. Hiyo ndiyo kelele yangu.

Makumbusho yalienda vizuri. Mhubiri alikuwa mrefu kama barabara ya Kangundo na hakuwa na mwisho. Chakula kilitosha. Mkeo alikuja mapema safari hii, akaingia jikoni bila kuambiwa. Mimi sikusema naye. Ningeanzia wapi?

Kisha mtoto akakimbilia kuku nyuma ya kaburi, na mama yako akamwita kwa sauti, "Makokha!" Wazee wote wakageuka, maana jina hilo halijaitwa katika boma lile tangu Februari. Na mtoto, amejaa matope, akamwitikia bibi yake, "Ee, kukhu!" Haki ya Mungu, Kweyu, ilinibidi nishike mti wa parachichi. Nilielewa alichokuwa anataka kukisikia.

Ikafika saa ya picha. Nimepanga tripodi, mama yako akasema, "Khavere, wewe ni dada ya marehemu. Toka huko nyuma. Miaka yote hakuna picha ya familia uliyomo." Nikasema nani atapiga, hawa vijana wa simu? Mkeo akajifuta mikono kwenye leso, akaja, akashika kamera. Akatazama kwenye kioo, akainua kichwa, akaanza kuwapanga watu. "Wajomba, sogeeni huku. Nyinyi mlio mwisho kulia, njooni karibu, huko pembeni hamtaonekana."

Alijua. Kumbe zile picha za harusi ya kwa Maingi alikuwa ameziona, na tangu mazishini alijua, na kila nilipomwelekeza kule pembeni, alienda akasimama.

Mimi akanishika bega akaniweka katikati, karibu na mama yako. Upande wa kulia akauacha mtupu, migomba mitupu. Akapiga. Nimeitazama picha hiyo. Sijawahi kujiona nimetulia hivyo, na kila kunyanzi langu limehesabiwa, asante yake. Watu wote wamo na wana nyuso. Mpaka mbwa wa jirani yumo. Asiyekuwemo ni mmoja tu, yule aliyeshika kamera.

Lenzi nakurudishia, iko humu ndani ya soksi. Raba nimeigandisha tena, nukta yako nimekuachia. Irudishe mezani, uitazame vizuri. Nyingine usinitumie. Nimenunua mjini. Nilimfanya mwenye duka afungue maboksi sita nikajaribu zote kwenye ukuta wa benki mpaka askari akaja. Sasa Irungu naye anazunguka Mbotela anapiga matofali, amegundua na yake imelegea chini. Nimecheka siku nzima.

Utaona nimeweka picha mbili. Hiyo ya pili niliipiga mimi. Niliwaambia watu wasiondoke, nikambana mkeo mkono nikamwambia, "Nipe hiyo kamera, na wewe nenda kule." Akauliza, "Wapi, Senje?" Nikamwonyesha kwa kidole. Nikalibana tundu la lenzi mpaka mwisho. Ndiyo tutakayoichapa kwenye bango. Mama yako ameshachagua msumari.

Yuko pale katikati, na Makokha mikononi, na wote wawili wanaonekana hata kope. Usije ukaanza kunishukuru, sina nafasi ya upuzi huo. Nilimweka pale kwa sababu pembeni palikuwa pamejaa.

Senje wako